Mianzi Yenye Kibali

Mzee Geti alilinda lango la kiwanda cha unga miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuna kitu kilichotoka bila yeye kukikagua. Alikagua mikoba, alikagua buti za magari, hata keki ya harusi ya karani aliiinamia akaichungulia kwa chini. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani. Akashukuru, akaigeuza, akafungua kifuniko cha betri aone kama hakuna kitu humo ndani.

Nyumbani hakubadilika. Mkewe, fundi cherehani ambaye majirani walimzoea kwa jina la Mama Pindo, alikuwa akirudi kutoka sokoni anasimamishwa mlangoni kwake mwenyewe.

"Mkoba, tafadhali."

"Mume wangu, hizi ni nyanya."

"Ndivyo wasemavyo wote."

Basi ukuta wa bafu lao la uani ukaanguka. Ulikuwa wa matofali ya udongo, mvua ikaulainisha, ukalala chini taratibu kama mtu aliyechoka. Bafu likabaki linatazamana na barabara. Mama Pindo akatundika shuka, lakini upepo nao una tabia zake. Asubuhi moja Mzee Geti, povu limemjaa usoni, alijikuta anaitikia salamu za watu wanaokwenda kazini.

Kaka yake Mama Pindo akajitolea. Alikuwa na mabati ya bango la zamani la dawa ya meno, yamechorwa mdomo mkubwa unaocheka, kila jino saizi ya mto wa kulalia.

"Shemeji, Jumamosi napigilia, kazi imekwisha."

"Meno yatatazama wapi?"

"Ndani. Nje naona aibu kwa majirani."

Mzee Geti aliuona uzee wake wote: ameshika kopo la maji, anachekwa kila asubuhi mpaka siku ya kufa.

"Napanda mianzi," akasema.

Mama Pindo akakata shauri. "Miezi mitatu. Ikishika mizizi, nangoja ikue, shuka litatosha. Isiposhika, meno."

Binti muuza miche alimkatia vipande kumi na viwili. "Penye kifundo pana jicho, baba. Kifundo kimoja kifukie, kingine kibaki juu. Hili tundu la juu lijaze maji. Panda kivulini, udongo usikauke. Na majani yakitoka usishangilie. Mwanzi mwongo huu, hutoa majani kabla ya mizizi."

Neno hilo moja, mwongo, ndilo lililoharibu mambo. Mzee Geti alikuwa ameshughulika na waongo miaka thelathini na moja!

Wiki ya tatu majani yakachomoza, na ukaguzi ukaanza. Kila asubuhi alikichomoa kipande kimoja kimoja, akakipindua, akakikung'uta udongo. "Majani unayo. Mizizi iko wapi?" Kisha akakirudisha shimoni na kuandika kwenye daftari lake: *Namba nne hana mizizi. Maelezo yake hayaridhishi.*

Mwezi ulipokwisha, vitano vilikuwa vimekauka kau. Akaenda kulalamika.

"Baba, unaving'oa?" Binti muuza miche alishika kichwa. "Wewe ukifunuliwa shuka kila asubuhi, utanawiri?"

"Mbona mimi nafunuliwa kila asubuhi."

Alijizuia siku mbili. Ya tatu mkewe akamkuta amechuchumaa, kamshika namba saba shingoni.

"Nilikuwa namsalimia tu."

Mama Pindo hakugomba. Alikumbuka kitu alichosimuliwa miaka mingi: kiwandani pale kulikuwa na gari moja tu lisilokaguliwa, la mkurugenzi, lenye kitambaa cha kijani kwenye kioo. Akaokota vipande vya kitambaa cha kijani vilivyobaki kwenye kushona sare za shule, akavipiga pindo, akadarizi neno KIBALI, akavifunga kwenye mianzi yote saba iliyobaki.

Asubuhi Mzee Geti akainama, akasoma. Mikono ikamshuka.

"Nani kaidhinisha?"

"Ofisi."

"Ofisi gani?"

"Ile inayokupikia."

Akasimama wima, akapiga saluti, akaenda kuteka maji ya kumwagilia. Tangu hapo kila asubuhi ni saluti saba, na hakuna aliyeguswa.

Miezi mitatu ikatimia. Shemeji akaingia na mkokoteni, akalaza mabati chini, meno yakatazama mbingu.

"Shemeji, vijiti hivi vimesimama tu. Tazama." Akamshika namba saba kwa mkono mmoja, akavuta. Hakutikisika.

"Huyo ana kibali!" Mzee Geti alifumba macho.

Shemeji akatia mkono wa pili, akakaza mguu, akavuta mpaka shingo ikamvimba. Viganja vikateleza. Akarudi kinyumenyume akakaa *kwaaa!* juu ya meno ya mbele.

Mama Pindo akatoka mbio, futi ya kupimia nguo shingoni. "Umeshika?"

"Umeshika," shemeji akajibu kutoka mdomoni, anajipapasa kiuno.

Mzee Geti akafumbua jicho moja. Akainama bila kugusa. Pembeni ya namba saba udongo ulikuwa umepasuka, na chipukizi nene kama kidole gumba limechungulia nje.

Mabati yakarudi mkokotenini. Shemeji alipofika mlangoni akasimamishwa.

"Mkono, tafadhali."

Akafungua kiganja. Majani matatu. Mzee Geti akayachukua, akampisha, kisha akakaa na daftari lake akaandika kwa herufi kubwa: *Saa nne asubuhi. Mgeni mmoja amejaribu kutoka na namba saba. Namba saba amekataa.*