Kizibo Namba Saba

Naandika haya kwa mara ya kumi na moja. Kila nikifika pale panga linapotoka mkononi mwangu, naona herufi moja imekaa vibaya, nachana karatasi. Leo sichani.

Nilikuwa nauza kwenye kaunta ya baa moja mjini Sotik. Wakati wa kupogoa chai, wanaume walikuja kwetu moja kwa moja kutoka shambani, kila mmoja na panga lake. Sheria ya baa ilikuwa panga linabaki kaunta. Kabla yangu yalirundikwa tu chini ya meza, na kila jioni watu wakagombania lipi la nani. Mimi siwezi hata kutulia nikiona glasi zimeelekea pande tofauti. Nikachukua vizibo vya soda, nikavikwaruza namba kwa msumari, viwili viwili: kimoja nafunga kwenye mpini, kingine nampa mwenyewe. Bosi alinisifu mbele ya wateja. "Huyu hajaona mlango wa chuo," akasema, "lakini angalia hiyo kichwa." Sifa hiyo niliila wiki nzima.

Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha, stima zikapotea, redio ikanyamaza. Kila neno lilisikika. Wateja wawili, majirani waliopakana mashamba, walikuwa wakibishana tangu saa nane. Mmoja alikuwa amepogoa chai yake akapitiliza mpaka, akafyeka mistari miwili ya mwenzake iliyokuwa bado inachumwa.

"Jirani, si nilikusaidia kazi?" akacheka yule aliyepitiliza. "Hata asante husemi."

"Asante utapata. Leo utarudi kwa bibi yako na mkono mmoja."

"Huo mmoja unatosha kumshika!"

Baa nzima ilicheka. Nami nilicheka. Lakini aliyetisha hakucheka, na niliona kwamba hakucheka.

Baada ya nusu saa alikuja kaunta, akaweka kizibo mezani. "Madam, leta kitu yangu."

Namba saba. Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza kumwita bosi, alikuwa hapo nyuma stoo. Badala yake nililinganisha vizibo, saba na saba, na nikaona fahari ndogo kwamba vimelingana. Nikampa panga, mpini ukielekea kwake, kama mama alivyonifundisha kumpa mtu mzima kisu kwa heshima.

Jirani yake alikuwa amesimama kwenye veranda yetu akingoja mvua ipungue. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na vilivyobaki havikunjiki.

Damu ilikuwa haijaoshwa bosi aliponiambia, "Veranda si baa. Hiyo kitu ilifanyika nje. Sawa?"

Nikasema sawa.

Sheria nilijisomea mwenyewe kwenye simu, kama ninavyojisomea kila kitu. Nilielewa hivi: mwenye baa halaumiwi kwa kila mteja anayerukwa na akili, lakini yeye au mtu wake akijua kwamba mteja mmoja anataka kumuumiza mwingine, ni lazima achukue hatua. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, kama tulijua. Na jibu nilikuwa nalo mimi.

Aliyemkata alikuwa ameshawekwa rumande, lakini rumande haichumi chai, na chai inachumwa kwa mikono miwili. Yule mzee aliyepoteza vidole, pamoja na mkewe, walikuja hadi nyumbani kwetu Ndanai. Wakili alikuwa amewaambia kuwa ushahidi wa walevi wenzake ungepinduliwa kirahisi. Alitakiwa mtu wa baa yenyewe, ndipo baa idaiwe fidia. Mama aliwaandalia chai. Mzee alishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu, sikulaumu," akasema. "Sema tu ulisikia akinitisha."

"Hivyo tu," mkewe akaongeza. "Neno moja."

Nilikuwa na sentensi nzima tayari, nimeinyoosha kwenye daftari siku tatu. Lakini niliisikia ile itakayoifuata mahakamani: Ulisikia, kisha ukampa panga?

"Sikusikia," nikasema. "Muziki ulikuwa juu."

Alinitazama bila hasira. "Muziki gani, mwanangu? Stima haikuwa."

Mama aliacha kumimina chai. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi bado. Lakini mimi siachi kazi na kasoro.

"Redio ya betri," nikasema.

Wakili hakuipeleka kesi popote. Bosi bado ana baa yake, nami bado nina kaunta yangu na vizibo vyangu. Siku hiyo mzee aliinuka polepole, akamshukuru mama kwa chai, akaagana naye kwa mkono wa kushoto. Kisha akamwomba radhi kwa kukosa adabu, kumpa mtu mzima mkono wa kushoto.