Bomba Nililomwazima Bi Mwanakombo

Siku hizi nazunguka njia ndefu ili nisipite kwa Bi Mwanakombo, mjane wa hapa Jego anayelea wajukuu kwa shamba la nyanya, tungule kama tunavyoziita sisi. Mimi ndimi bwana shamba wake. Alikuja kuazima kwangu bomba la kupigia dawa ya wadudu, nikampa.

Wiki mbili baadaye aliniita. Majani yalikuwa yamejikunja na kusokotana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, kuna mtu amenifanyia ubaya."

Nilicheka. Nikamwambia aachane na mambo ya husuda, huu ni ugonjwa unaoletwa na nzi weupe na hauna dawa, tung'oe yote tuchome. Hata matuta mawili ya mwisho, mabichi kabisa, niliamuru yang'olewe. Mtaalamu eti!

Moto ulipokolea alinirudishia bomba. "Ahsante, mwanangu. Yale matuta mawili sikuyapiga, dawa iliniishia. Ajabu, ndiyo yaliyosalimika."

Ndipo nilipokumbuka. Siku moja kabla ya kumwazima, nililitumia bomba lile kupigia dawa ya kuua magugu ya uani kwangu, wala sikuliosha. Mimi, ninayewahimiza watu kila mkutano waoshe bomba mara tatu!

Nililifungua bomba, nikanusa ndani. Bi Mwanakombo alilitazama bomba, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "si nilikwambia kuna mtu?"