Salamu Nilizozipunguza

Wasomaji wangu wana lawama moja isiyozeeka. Wanasema nachelewa kuanza. Mmoja alinisimamisha mbele ya posta, kitabu changu kikiwa kwapani mwake, akaniambia kurasa kumi za mwanzo ningezitupa na hakuna ambaye angeziulizia: nani anakaa wapi, nani hajambo, nani anakohoa, mama mkwe ameamkaje. "Mzee, tupeleke kwenye jambo," alisema. Mwingine aliniandikia kwamba katika vitabu vyangu hata mpita njia lazima kwanza tujue kama ni mzima. Sijawajibu. Nikiwa na hasira nasema moyoni wakasome magazeti. Hasira ikipoa namkumbuka mwanamke mmoja, na hamu yote ya kubishana inaniisha.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa mwandishi wa barua kwenye kibaraza cha duka, upande wa Songwa. Nilikuwa na meza, benchi la wateja, kalamu ya kuchovya, chupa ya wino na majivuno ya kutosha tarafa nzima, kwa kuwa nilikuwa nimesoma misheni. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na mama zao na wake zao walikuja kwangu. Wao walisema Kisukuma, mimi niliandika Kiswahili, kwa sababu kule kambini msomaji alikuwa mmoja tu, mchimbaji mwenzao aliyetoka mbali na asiyejua lugha yetu. Barua ikifika, aliwasomea wote kwa sauti. Hakuna aliyeona ubaya. Habari za nyumbani kwa mmoja zilikuwa za kambi nzima.

Barua ya siku zile ilitanguliza salamu, na salamu zilikuwa na mpango wake. Baba anakusalimu, mama anakusalimu, mkeo anakusalimu sana, kisha watoto mmoja mmoja, majirani, mpaka ng'ombe aliyezaa juzi. Aliyekufa hakutajwa. Kifo hakikuandikwa waziwazi, maana mtu akisomewa msiba ugenini anaweza kuanguka palepale, au akashika njia peke yake akili zikiwa zimemruka. Kwa hiyo msikilizaji alizifuata salamu moja baada ya nyingine, na mtu wake akirukwa alielewa, na wenzake wakamsogelea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuzika watu wengi kwa namna hiyo, kwa kutowaandika tu.

Kumbe kambini walikuwa wamenichoka. Siku moja dereva wa lori aliniletea karatasi kutoka kwa yule msomaji wao. Alilalamika kwamba salamu zangu ni ndefu hata watu wanasinzia kabla hajafika kwenye jambo. Kwamba wanawake wote wa barua zangu wanaongea kwa sauti moja, nayo ni yangu. Kwamba kila mama analia machozi juu ya karatasi na karatasi inafika kavu. Kwamba herufi zangu zina mikia mingi kuliko kundi la mbuzi. "Ndugu karani," aliandika, "unajiandikia mwenyewe. Sisi tunataka jambo."

Kwa mengi alisema kweli, ndiyo maana niliumia. Niliikunja ile karatasi nikaikalia siku nzima. Jioni nikaamua: kama salamu hawazitaki, hawatazipata.

Wiki ileile alikuja mama mmoja mtu mzima, amemshika mkono mkamwana wake. Yule mke wa mwanawe alikuwa kijana bado, lakini alitembea kwa kupumzika, na tumbo lilikuwa limevimba bila kuwa na mimba. Nilimpisha akakaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka mezani kwangu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama.

"Mwangaluka, kalani." Aliitamka hivyo, kama watu wetu wote. "Tumetoka hospitali. Wanasema apasuliwe. Baba mkwe wake amekataa. Anasema mke wa mtu hapasuliwi mume mwenyewe akiwa hayupo. Mwanangu aje, au atume neno. Hospitali wamesema tusikawie."

Niliuliza kama niandike habari ya tumbo. Yule mama alinikazia macho.

"Tumbo la mkamwana wangu lisomwe mbele za wanaume wa kambini? Andika kuna ugonjwa nyumbani, aje upesi. Atakuja. Huyu anampenda."

Nikaandika. Mwanangu, mimi mama yako ni mzima, baba yako ni mzima, na watoto ni wazima. Nyumbani kuna ugonjwa. Acha kazi, njoo upesi. Nikasoma kwa sauti, nikajisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefika kwenye jambo kwa mistari mitatu. Wazazi niliwabakiza kwa heshima tu, na watoto kwa neno moja. Wengine wote niliwakata. Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi yule mgonjwa aliposema, kwa sauti ndogo, akitazama chini:

"Na mimi namsalimu."

"Haya," nikasema. "Ataelewa."

Nikafunga bahasha.

Yaliyotokea kambini niliyajua baadaye. Msomaji alisoma ile mistari mitatu, na mwenye barua akasubiri. Mama mzima, baba mzima, watoto wazima. Akamwomba asome tena. Aliposikia mara ya pili kwamba mkewe hasalimu, ule ugonjwa aliuchukua kuwa ni jina la msiba, akakaa chini na wenzake wakamsogelea. Walimnyoa, wakalala naye matanga. Angesikia mkewe anaumwa, angetoka siku ileile, kipande chake cha kazi, ile kadi ya siku alizofanya na ujira wake, kipotee kisipotee. Lakini aliyekwisha kuzikwa hakimbiliwi. Wenzake walimshauri amalize kipande ndipo aende akaone kaburi. Akatafuta kaniki tatu, moja ya mama yake na mbili za binti zake, wavae msibani, akampa mwenzake mmoja aliyekuwa anarudi kwetu.

Huyo mwenzake alikuwa mtu wa adabu. Alipofika kwenye ua wa minyaa ulioizunguka nyumba yao alianza kulia, kama inavyompasa mtu anayeingia penye msiba, mikono kichwani, kaniki zikiwa zimening'inia begani. Yule mwanamke alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya nyumba, amegeukia njia, kwa sababu siku zote hizo alikuwa akimtazamia mumewe. Alimsikia mtu anayetoka Geita analia. Akajiinua kwa kiwiko.

"Amekufa nani?" akauliza. "Mume wangu amekufa?"

Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, amesimama mbele ya meza yangu, kaniki mkononi. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Niliandika barua ya pili palepale. Salamu za wote zikaingia. Mkeo anakusalimu sana, yu hai, anakungoja, anakusalimu tena. Nilijaza kurasa mbili, nikasimama mwenyewe barabarani mpaka nikaiona imeingia ndani ya lori. Kisha nikaenda kumwamkia baba mkwe wa yule mgonjwa, nikamsihi amruhusu akapasuliwe. Alinijibu kwamba mimi kazi yangu ni kuandika, na hata hiyo imenishinda.

Mumewe alifika siku nne baada ya mazishi. Sehemu ya njia alipata lori, sehemu alikimbia. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Alikuja kibarazani asubuhi, nywele zimeanza kuota upya kichwani, akaziweka barua zote mbili mezani. Hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe kwa kidole mke wake yuko wapi.

Katika ya pili nilimwonyesha. Akaweka kidole chake hapo, akakaa nacho.

"Na humu?" Akasogeza ile fupi.

"Humu hayumo."

"Mama anasema siku ile alikuwa hapa, kwenye benchi hili. Anasema alinisalimu. Alinisalimu?"

"Alikusalimu."

"Mbona hukuandika?"

Ningeweza kumweleza habari ya karatasi ya msomaji wao, na majivuno yangu, na mistari mitatu niliyoionea fahari. Alistahili kuyasikia. Sikuweza.

"Wino ulikuwa umekwisha," nilisema.

Chupa ilikuwa mezani kati yetu, imejaa mpaka shingoni, ileile ya siku zote. Aliitazama. Mimi pia niliitazama. Aibu niliyoiona asubuhi ile sijawahi kuiona tena, na nimezeeka.

Alikaa kwenye benchi, mahali alipokuwa amekaa mkewe, akanisukumia ile ndefu.

"Haya, kalani. Nisomee hii. Soma polepole, na salamu usiruke hata moja."