Sikio la Tembo Nililolishona kwa Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kwenye picha za wanyama nilipewa twiga, nikaambiwa nimwondoe vumbi. Vumbi lenyewe halikuwa la mbugani, lilikuwa la Kurasini. Kiwanda chetu cha uchapaji, kilichochapa kalenda za wanyama za kuuzia mahoteli, kilipakana na yadi ya makontena, na kila lori lililopita lilitupulizia madirishani. Vumbi hilo lilitua kwenye kioo cha skana, mashine iliyokuwa ikiingiza filamu kwenye kompyuta, na kwenye picha likatokea kama madoa meupe. Niliyafuta moja moja. Hadi saa kumi jioni nilikuwa nimefika shingoni tu, na twiga, kama mjuavyo, ana shingo.

Nilitokea studio ya picha huko Temeke, ambako kazi yangu ilikuwa kupamba mabibi harusi. Nyakati hizo tulishika penseli na brashi nyembamba, tukagusa negativu, ile filamu yenye sura iliyogeuka rangi, kabla ya kusafisha picha. Chunusi niliziondoa, makovu ya tetekuwanga niliyafukia. Mwanya niliuacha, maana mwanya ni uzuri. Hakuna bibi harusi aliyewahi kunirudia analalamika, na sifa hizo ndizo zilizonipeleka Kurasini. Zilikuja kuniponza baadaye.

Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Picha, mtu wa bara aliyewahi kuwa mwalimu, na ualimu haukumtoka. Miwani ilining'inia kifuani, na ukikosea alikufanya urudie mbele ya wenzako.

"Bi Zuhura," aliniambia wiki ile ya kwanza, "mwangaza gusa, rangi gusa kwa kiasi. Mnyama mwenyewe mwache alivyo."

Ndiye aliyenifundisha kufanya kazi kwenye tabaka. Tabaka ni kama kutandika nailoni juu ya picha, ukapaka rangi kwenye nailoni. Ukikosea unaivua, na picha ya chini iko salama. Alinifundisha pia kutunza picha ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya mkono wa mtu. Mengine nilijifunza mwenyewe kwa kukodoa macho. Tembo, kwa mfano, si wa kijivu kama wanavyochora watoto. Ana rangi ya udongo aliojipaka, na fundi mvivu huwafanya wote wafanane.

Nilizipenda siku zile, sitaficha. Feni ikizunguka, chai ya tangawizi mezani, simba mmoja kwenye kila kompyuta na sisi wanawake watatu wa Temeke tukibishana kuhusu sharubu zake. Wala hakuna kati yetu aliyewahi kumwona simba hai. Tembo mkubwa kuliko wote niliyewahi kumkaribia alienea kwenye skrini yangu.

Kitengo cha picha kilipohamishiwa Kinondoni, filamu ilikuwa imeshakufa. Picha zilikuja kwa mamia, diski zikajaa, ikawa kalenda ikishachapwa tunafuta picha ghafi ili kupata nafasi. Mkuu wa Picha alinung'unika, lakini diski mpya hazikuletwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ikaja picha ya tembo jike ametangulia kundi lake ukingoni mwa mto. Uso mzuri, macho matulivu, ila sikio la kulia limechanikachanika. Nilimwonea huruma kama nilivyowaonea mabibi harusi wangu. Mkuu wa Picha alikuwa likizo. Tangu asubuhi hadi alasiri nililishona sikio lile kwa kifaa cha kunakilia, kile kinachochota ngozi ya hapa na kuipandikiza pale. Tabaka sikutandika. Nilijiamini, na nilikuwa na haraka. Aliporudi likizo kalenda ilikuwa imeshachapwa, akaisifu, nami nikakaa kimya na sifa zangu.

Miezi kadhaa baadaye, Jumanne asubuhi, akaingia mwanamume wa rika langu, kavaa sare iliyopauka, kalenda yetu kaikunja kwapani.

"Habari za kazi, mama. Naitwa Lazaro, ni askari wa hifadhi. Huyu tembo ni nani?"

Nikacheka. "Baba, kwani tembo nao wana majina?"

"Majina hawana. Masikio wanayo."

Akanieleza taratibu. Hakuna tembo wawili wenye masikio sawa. Miiba na ugomvi humchana kila mmoja kwa namna yake. Yeye kwa miaka mingi alikuwa anayachora kwenye daftari. Jike mmoja, kiongozi wa kundi, hakuwa ameonekana tangu ukame. Kilima kilichokuwa nyuma ya tembo pichani alikijua: kiko ng'ambo ya mto, ambako majangili wamejaa na doria haifiki.

"Kama ni yeye, kundi zima limehamia huko," alisema. "Ijumaa wakubwa wanagawa magari ya doria. Uso ni kama wake, ila wangu sikio limechanika, huyu wako ni mzima. Nimekuja kuhakikisha tu. Kama si yeye, sina cha kuwaambia, gari halitakwenda."

Nilimwomba asubiri, nikaingia kwa Mkuu wa Picha, nikamwambia yote.

"Ghafi ipo?"

"Tulifuta."

"Tabaka?"

"Sikutandika." Akavua miwani.

"Mwambie picha ilikuja hivyo hivyo. Tukikiri, hoteli gani itanunua tena kalenda zetu? Na mkataba wako, Bi Zuhura, unaujua unaisha lini."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mie niliogopa kumzidi. Lakini nilipotoka nikamkuta yule baba amekaa vilevile, kalenda magotini, anampapasa yule tembo sikioni kwa kidole.

"Baba, sikio hilo nimelishona mie," nikasema. "Lilikuwa limechanika."

Akatoa daftari lake mfukoni, akaanza kulifungua.

"Usilifungue!" nikamzuia. "Nisije nikachora unachonionyesha. Nipe karatasi tupu."

Aliyeshona nguo kutwa nzima anajua ilipochanika. Nikachora mikato miwili upande wa chini, wa kwanza mfupi, wa pili umeingia ndani na kupinda. Juu yake tundu dogo, kama la hereni. Ndipo nikamwambia afungue. Akaweka daftari kando ya karatasi yangu, akavua kofia.

"Ni yeye," akasema. Kisha akanisogezea kalamu. "Andika kwamba wewe ndiye uliyeibadilisha picha, na utie sahihi. Wakubwa wataniuliza."

Nikaandika jina langu lote, na chini yake namba yangu ya simu.

Mkataba haukuongezwa. Sherehe ya kuniaga haikuwepo; nilichukua kikombe changu na khanga niliyokuwa nikijifunika feni ikizidi. Mkuu wa Picha alinisindikiza hadi getini.

"Tabaka nilikufundisha la nini miaka yote ile?" akaniuliza.

Sasa nipo nyumbani Temeke. Nyie vijana simu zenu zinafuta makovu zenyewe, hata hamjaombwa. Sina ugomvi na uzuri, mie mwenyewe uzuri ndio ulionilisha. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjafuta kitu, muulize ni cha nani. Kazi ile naikumbuka kila siku, nikiota naota nafuta vumbi. Lakini kilichoninyima raha miezi ile ya kwanza ya kustaafu ni ile Ijumaa. Ilipita, masika yakaja, na kwa Lazaro hakuna mtandao.

Akapiga simu asubuhi moja nikiwa naanika nguo.

"Mama, gari lilikwenda. Tumemkuta."

"Mzima?"

"Mzima. Kundi limepungua wawili, lakini yeye yupo."

Nilikaa chini palepale kwenye baraza, nikalia. Wale wawili, pengine kalenda ingetoka na sikio la kweli wangewahiwa. Lazaro aliningoja nimalize.

"Ila ule mchoro wako umepitwa na wakati," akasema. "Ana mkato wa tatu."

Nikainuka kutafuta penseli, nikamwambia anieleze vizuri ulipo.