Ubeti wa Bibi Agnesi: Kutoka Mbulu hadi Balangdalalu na Vinasa Sauti Viwili

Niliondoka Mbulu kwa sababu ya koo la Bibi Martha. Ndugu zangu wa Lindi mnamjua kwa jina: ndiye mama mwenye nyumba wangu, anayeniletea maziwa tangu nilipopangiwa kufundisha huku kwenye baridi. Kwa miezi kadhaa sauti yake ilikuwa inakwaruza, na madaktari walipanga kumpasua koo Jumamosi, katika mji wa mbali. Walimwambia wazi kwamba huenda asiimbe tena.

Katika ukoo wao, mtoto akizaliwa huimbiwa wimbo wa kubembeleza wa Kiiraqw, uliotungwa na mama yao. Ni wimbo wa watu wawili: Bibi Martha huanza, mdogo wake, Bibi Agnesi, hujibu. Hakuna wengine wanaoujua wote. Bibi Agnesi anaishi Balangdalalu, wilayani Hanang, na nyonga yake haimruhusu tena kupanda basi. Na mjukuu wa Bibi Martha alikuwa karibu kujifungua. Ndipo bibi akaniuliza kama vile vinasa sauti viwili ninavyotumia kurekodi midahalo ya shule vingeweza kuwakutanisha. Nilimwambia tujaribu.

Jumanne jioni, sebuleni kwa Bibi Martha. Nilifunga madirisha, nikaitoa nje saa ya ukutani, nikaweka kinasa cha kwanza juu ya mto mbele yake. Kabla hajaanza niligonga vijiko viwili mara moja. Mlio huo ni alama. Kwenye kompyuta huonekana kama mwiba uliosimama peke yake. Ukiwa nao katika rekodi mbili, unaipanga miiba hiyo mahali pamoja na sauti zote zinakwenda sambamba. Bibi aliimba beti zake tatu na kimalizio cha wimbo, akinyamaza kila mahali ambapo mdogo wake anatakiwa kujibu. Aliponyamaza alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza. Mwishoni niligonga vijiko tena, kwa maana mashine mbili hazitembei sawa kabisa. Moja huachwa nyuma kidogo kidogo.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Katesh. Ukungu ulikuwa umekalia mashamba na kondakta alijifunga blanketi begani. Tulivyozidi kuuacha ukanda wa juu ndivyo joto lilivyorudi, na masweta yakaanza kuvuliwa kiti kwa kiti. Katesh nilichukua bodaboda. Mlima Hanang ulikuwa wazi mpaka kileleni, alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimevipakata vinasa sauti ndani ya khanga kwa kuogopa vumbi.

Balangdalalu nilifika mchana. Paulina, binti wa Bibi Agnesi, alinipokea mizigo. Nilimwamkia mama yake shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kwanza nile ugali na maziwa ya mgando ndipo tuzungumze. Alikuwa mwembamba kuliko dada yake, na mcheshi zaidi.

Jaribio la kwanza liliharibika. Niliifungulia rekodi ya dada yake kwa sauti, na kinasa cha pili kikazinasa sauti zote mbili zikiwa zimechanganyika, wala hakuna namna ya kuzitenganisha baadaye. Nikatoa hedifoni. Niliziweka kwanza karibu na kinasa cha pili ili kiupate mlio wa vijiko vya Jumanne, kisha haraka nikamvisha bibi masikioni. Alifumba macho. Dada yake alipoanza, yeye badala ya kuimba akasema kwa adabu zote, "Shikamoo dada." Ikabidi turudie.

Safari hii alijibu vizuri ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu alipoujibu, hakunyamaza. Aliendelea na maneno mengine, huku hedifonini dada yake ameshaanza kuumalizia wimbo. Nilisimamisha mashine, nikamweleza kwamba nafasi iliyoachwa haitoshi, nikamwomba aishie pale dada yake alipotarajia.

Alizivua hedifoni na kuziweka mapajani.

"Mwalimu, ukiukata huo, mtoto ataimbiwa wimbo wenye shimo," alisema. "Dada haujui. Mpelekee."

Aliuimba ubeti huo peke yake, nikaurekodi. Nilimuuliza Paulina maana yake. Akamtazama mama yake, na mama yake akasema nimuulize dada.

Alhamisi nilirudi. Basi lilipata pancha njiani, nami nikawa nahesabu saa, kwa kuwa Bibi Martha alikuwa anaondoka Ijumaa alfajiri. Nilifika saa kumi jioni nikakuta begi lake liko mlangoni. Nilimvisha hedifoni bila maelezo mengi. Alisikiliza mara moja, kisha akaomba tena.

"Kumbe mama aliutunga nilipoolewa," alisema. "Anamwambia mdogo wangu alale, aliyekwenda milimani hajapotea."

Miaka yote hiyo alidhani mama yao aliona kuolewa kwake mbali kama kumkimbia. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniambia nigonge vijiko. Alimjibu mdogo wake kwa maneno aliyoyapata palepale. Katikati alikohoa. Nilimuuliza kama turudie, akakataa.

Mbulu, siku zilizofuata, nilikaa na kompyuta. Niliipasua rekodi ya Jumanne baada ya ubeti wa tatu, nikafungua nafasi, nikautia ubeti wa Agnesi na jibu la dada yake, kikohozi kikiwemo. Nilikuwa nimezoea kukata kila kinachozidi ili rekodi zilingane. Safari hii nilijifunza kuuliza kwanza aliyezidisha ana sababu gani.

Bibi Martha alirudi salama. Anaongea kwa sauti ya chini, hasumbuki. Kuimba ndiko kumekwisha. Mjukuu alijifungua mtoto wa kike, na wimbo ukachezwa kwenye simu kando ya kitanda, Bibi Martha akimtikisa mtoto kwa mapigo yake.

Nilimtumia Paulina pia. Kesho yake mama yake alinipigia simu. Alikuwa ameusikiliza kwa hedifoni, na nilidhani atanishukuru au atataja kikohozi. Aliuliza kwa nini dada anasikika sikio la kushoto. Nikamwambia niliwaweka tu hivyo, mmoja huku, mwingine kule.

"Mhamishie kulia," alisema. "Ndiko alikokuwa akilala tulipokuwa wadogo."

Nikamhamisha.