Barafu Ndani ya Ndoo, Mutsamudu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa makoti mawili na bado meno yaligongana. Mimi, mtoto wa Badjanani, Moroni, nilikuwa nimepelekwa mafunzoni kwenye bandari ya kaskazini ambako bahari huganda. Kazi ilikuwa kuzamisha haidrofoni, chombo cha kunasa sauti majini, na kusikiliza barafu kabla meli hazijapita. Mhandisi Mkuu alinivika spika za masikioni akasema, "Ikilia, inapasuka. Ikinyamaza, usiiamini kabisa." Tangu hapo, vijana wangu, siamini kitu kilichonyamaza, wala mtu.

Niliporudi nilipangiwa Bandari ya Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kusikiliza mapangaboi ya meli zinazokuja. Watu walinicheka, eti nimeajiriwa kusikiliza samaki! Kisha Nzuani ikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni, na vicheko vikakoma. Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, mwenye spika masikioni, nani angemwacha?

Asubuhi moja kamanda wa wanamgambo aliingia ofisini, Mkuu wa Bandari nyuma yake. Kamanda akaweka mezani kanda yangu ya sauti kutoka mafunzoni, niliyokuwa nimeifungia kabatini. Funguo tulikuwa nazo wawili tu, mimi na Mkuu. Akaiwasha: pa! Papapa!

"Bunduki hizi. Unawarekodia Moroni?"

"Wallahi ni barafu, kamanda."

"Barafu inalia? Unaniona mjinga?"

Wenzangu kutoka Moroni waliochukuliwa na wanamgambo wiki ile hawakuwa wamerudi. Nikaomba ndoo ya maji ya bahari na donge la barafu. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, na donge pekee bandarini lilikuwa la mama mmoja wa mji wa Patsy aliyeuza juisi ya ukwaju. Alilileta mwenyewe, akaliinua mbele ya kamanda, akafoka, "Haya, mpelelezi wenu huyu hapa, mfungeni!"

Nikazamisha haidrofoni, nikatia barafu. Hewa iliyonaswa ndani yake ikaanza kupasuka: pa! Papapa! Kamanda akavaa spika, akasikiliza mpaka donge likayeyuka lote.

"Panda boti ya kesho, urudi Moroni," akasema. Mkuu alikuwa akitazama dirishani.

Huko Moroni, Mkurugenzi wa idara yetu alinipokea kwa chai, kisha akafunga mlango. "Wenzako hawajarudi. Wewe walikuachaje?"

Nikamweleza yote. Nikamwambia nilete ndoo na barafu, asikie mwenyewe.

"Hakuna haja," akasema, akanyamaza.

Sikupewa haidrofoni tena. Nilikaa kwenye ghala la kamba za meli hadi kustaafu. Na linaloniuma mpaka leo si yule kamanda: yeye, aliyekuja kunifunga, alisikiliza hadi barafu ikaisha. Bosi wangu mwenyewe, wa Moroni, hakutaka hata kuona ndoo.