Dakika Hamsini za Mama Kibao

Chuo kizima kinaniita Mama Kibao. Wastaarabu watakwambia ni kwa sababu ya ule ubao wangu pale mwanzo wa njia ya mwambani. Wasionipenda watakwambia ni kwa sababu ya mdomo wangu, maana ukinichokoza nakuzaba kwa maneno mpaka utafute pa kujificha. Zamani nilijivunia yote mawili. Siku hizi nikiitwa naitika, lakini kuna kitu kinanichoma kifuani.

Kazi yangu si ngumu kuieleza. Chuo kiko juu, bahari iko chini, na katikati kuna kila kitu cha kumpotezea mwanafunzi wakati: uwanja wa voliboli mchangani, mitumbwi ya plastiki ya kukodi, njia ya baiskeli inayozunguka msitu, na kilima ambako wapenzi wa ndege hukaa na darubini zao kimya kana kwamba wako kwenye mtihani. Lakini karibu kila anayekuja, mwenyeji na mgeni, anataka njia ya mwambani. Unapita chini ya jabali, bahari iko mkono wa kushoto, unatembea kama nusu saa, unatokea kwenye vidimbwi. Maji yakitoka yanaacha humo visamaki, kaa na konokono wa kila rangi, na mbele kidogo kuna pango. Pazuri, wacha niseme ukweli. Ila njia hiyo hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Yakijaa, njia yote inakuwa bahari, na jabali lenyewe halipandiki.

Ndiyo kazi ya ubao. Kila siku naandika kwa chaki muda wa kuanza kupita na muda ambao kila mtu awe amesharudi. Yote yamo kwenye kijitabu tunacholetewa kila mwaka, namba tupu kurasa nzima. Mwaka wa kwanza nilikisoma kila asubuhi kwa kidole. Halafu nikagundua kwamba maji ya leo huja nyuma ya yale ya jana kwa dakika kama hamsini. Basi nikawa naangalia nilichoandika jana, naongeza hamsini, naenda zangu kubandika chai. Mara moja kwa wiki nafungua kijitabu kuhakikisha, nakuta tumepishana dakika chache tu, nasahihisha. Miaka kumi na minane nafanya hivyo. Nikajiona bingwa. Nilikuwa nawaambia watu, "Bahari hii nimeilea mimi." Mungu anisamehe majigambo yangu.

Sasa sikia. Ijumaa moja nilijua kesho yake nitachelewa, maana nilikuwa na safari ya kumpeleka mama mkwe kwa daktari wa meno. Nikaona nisiwaache watu bila ubao asubuhi. Ijumaa hiyo mwisho wa kupita ulikuwa saa sita na nusu mchana. Jioni, kabla sijafunga kibanda changu cha pembeni ya ubao, nikafuta, nikaandika kabisa wa Jumamosi: mwisho saa saba na dakika ishirini. Nikaondoka nikijipongeza.

Jumamosi nilifika saa nne, mbio mbio, damu inachemka, kwa sababu mama mkwe alinisimanga njia nzima kwamba mwanawe amekonda. Nikapita pale ubaoni, jicho likaona saa saba na dakika ishirini, mkono ukafuta, ukaongeza hamsini kama ulivyozoea. Saa nane na dakika kumi. Sikuwaza kitu. Nikaingia ndani nikawasha jiko.

Saa tano akaja Kepteni. Ndivyo wenzake wanavyomwita, binti wa mwaka wa pili, mrefu, kiongozi wa klabu yao ya matembezi. Ilikuwa wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, na nyuma yake alikuwa na kumi na mmoja, wengine hata hawajawahi kukanyaga mwamba. Akainama dirishani kwangu.

"Shikamoo Mama. Maji yakoje leo?"

"Marahaba. Soma ubao, mwanangu. Mimi si redio."

Wakacheka, na yeye akacheka. Akausoma ubao, tena kwa sauti, akawaambia wenzake, "Mwisho ni saa nane na kumi, lakini sisi saa nane kasorobo tuwe tumesharudi hapa. Sitaki mbio." Nilimsikia kwa masikio yangu. Yaani mtoto wa watu aliweka na akiba ya muda, na bado nilimponza.

Ilipokaribia saa nane kasorobo nikasikia kipenga. Mwokoaji wetu, tunayemwita Filimbi kwa sababu hata akikusalimia nusu anapuliza, alikuwa anakimbia kuelekea kwenye boti ya injini. "Mama, kuna watu wamenasa katikati ya njia! Maji yamewahi leo!"

"Maji hayawahi," nikamjibu. "Watu ndio wanaochelewa."

Aliwatoa kwa safari mbili. Walikuwa wamejibana kwenye jiwe refu chini ya jabali, mawimbi yanawapiga magotini, wameshikana mikono, na Kepteni kasimama upande wa baharini kuwakinga. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mmoja alichanika goti, mwingine alipoteza viatu vyote viwili, mmoja alilia mpaka akawa anakwama pumzi. Kepteni alishuka wa mwisho, midomo inamtetemeka kwa baridi.

Na Jumamosi unaijua. Ufuko umejaa, voliboli imesimama, wenye mitumbwi wamesogea, wazazi na watoto wao, kila mtu anatazama. Nami nikapata jukwaa.

"Wewe ndiye kiongozi?" nikaanza. "Kiongozi wa nini, wa mbuzi? Una macho wewe au una vifungo vya shati? Saa huijui, chuoni ulifikaje? Unawachukua watoto wa watu unakwenda kuwaua, halafu urudi uwaambie nini mama zao?"

"Mama," akasema, "ubao nimeusoma."

"Uliusoma umefumba macho!"

Watu wakacheka. Kicheko kile bado nakisikia. Alikuwa amelowa, anatiririka maji, na mimi nilikuwa mkavu, na watu walikuwa wanacheka. Nikamwambia, "Njoo! Njoo nikuonyeshe kwa kidole, maana naona wewe ni wa kufundishwa kama chekechea." Nikatangulia kupanda ngazi, nimetuna, yeye na Filimbi na wengine nyuma.

Nikafika ubaoni wa kwanza. Saa nane na dakika kumi. Mwandiko wangu.

Sikuhitaji kijitabu. Ijumaa jioni yote ilinirudia pale pale. Nilikuwa na kama pumzi tano kabla hawajafika kwenye kona. Mtu mwema angesimama akangoja. Mimi nilivuta mkono wa sweta nikaufuta ubao wote, juu mpaka chini. Walipotokea nikasema, "Nimeshafuta, naandika wa kesho. Nendeni mkavae nguo kavu."

Filimbi aliondoka. Kepteni akautazama ubao, ulikuwa bado una ukungu wa chaki, kisha akautazama mkono wa sweta langu. Halafu akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Nyumbani nilikaa na mume wangu mezani, chakula kinapoa. Yeye ni seremala pale pale chuoni, na si mtu wa maneno. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ukaufuta?"

"Nikaufuta."

Akaweka kijiko chini. "Ungeniambia umekosea ningekucheka mwaka mzima. Hili la kufuta, hapana." Akainuka, akaenda kukaa nje. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuinuka mezani akaniachia sahani yangu niiondoe mwenyewe.

Unadhani basi nilikwenda kusema? Thubutu! Jumatatu Mlezi wa wanafunzi aliniita nitoe maelezo ya maandishi. Huyu ndiye mwenye kusikiliza kesi zote za wanafunzi, na aliniambia waziwazi kwamba Kepteni atavuliwa uongozi, na ile nafasi ya mafunzo ya uongozaji matembezi, ambayo kwa mwaka hupewa mwanafunzi mmoja tu na yeye ndiye aliyekuwa ameipata, atapewa mwingine. Barua itakwenda kwa baba yake. "Wale wapya wanajua alichowasomea yeye tu, ubao hawakuusoma. Tunangoja tu neno lako, Mama." Nikachukua kalamu nikaandika kwamba ubao ulionyesha saa saba na dakika ishirini. Nikatia sahihi. Mwandiko ulinyooka kama wa ubaoni, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Siku mbili zile nilikuwa mtu wa ajabu. Nilifungua kijitabu kila saa kama mgonjwa anayejipima homa. Wanafunzi wakinisalimia nilijibu nikitazama pembeni. Filimbi alisema, "Mama, umepoa, unaumwa?" nikamkaripia akome kufuatilia afya za watu. Nikawa namfikiria baba yake yule binti anafungua barua. Baba mwenyewe simjui, lakini nilimwona kabisa, miwani puani, anasoma neno moja moja kwamba mwanawe nusura aue watu kwa uzembe. Uzembe wa nani?

Jumatano saa tatu nikaingia ofisini kwa Mlezi. Nikavutiwa kiti. Kepteni alikuwa amesimama, mikono nyuma. Viti viwili vilikuwa vitupu na hakuna aliyemwambia keti. Mlezi akaanza kwa kunisifu: "Mama yetu huyu, miaka kumi na tisa, hata siku moja hajakosea ubao." Kisha akasoma maelezo yangu, akauliza, "Mama, unayathibitisha?"

Nikamtazama binti. Alikuwa anatazama sakafu. Alishajua nitasema nini, ndiyo maana hakujisumbua kuinua kichwa. Hapo ndipo aibu iliponishika.

"Siyathibitishi," nikasema. "Ni uongo. Ubao ulisema saa nane na dakika kumi. Niliongeza hamsini mara mbili, Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi. Huyu alisoma sawasawa, tena alitaka kurudi mapema. Mimi ndiye niliyefuta, ili isijulikane mkosaji ni nani."

Mlezi alivua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi, kwa kweli nilikuwa naitaka hiyo adhabu. Unajua alichofanya? Alinisogezea glasi ya maji. "Pole sana, Mama. Sote ni binadamu. Uchovu, umri, mambo ya nyumbani... Tutakuongezea msaidizi, na kijitabu kibandikwe ukutani." Akachana karatasi yangu vipande viwili, akamgeukia Kepteni: "Basi, yamekwisha. Nafasi yako iko palepale. Unaweza kwenda."

Yamekwisha! Dakika chache kabla, kosa lile lile lilikuwa uzembe wa kuua, lilipokuwa la yule binti. Liliposogea kwangu likawa uchovu. Nikainuka hata sikuaga, nikamkimbilia kwenye ukumbi.

"Mwanangu, simama. Nisamehe."

Akasimama. Aliongea kwa adabu, polepole, kama anayemwongoza mtu mahali penye utelezi. "Kuandika vibaya nimekusamehe, Mama. Hata mimi nakosea. Na umekuja kusema, asante. Lakini wale watu wa ufukweni hawakuwepo humu ofisini. Wao wanajua mimi ni kiongozi wa mbuzi. Jana mtoto mdogo dukani ameninyooshea kidole, akamwambia mama yake, huyo ndiye wa vifungo vya shati. Hiyo sijasamehe." Akaniaga, akaenda zake.

Nikawaza nimwandikie barua. Nikawaza nibandike tangazo. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa ameanza kuninong'oneza salamu, akasema, "Ulimtukana kwa karatasi?" Basi sikuwaza tena.

Jumamosi ufuko ulijaa kama kawaida, hata zaidi, maana kulikuwa na mashindano ya mitumbwi. Kepteni alikuja na klabu yake saa nne. Nilishuka ngazi, nikasimama pale pale mchangani, mdomo umekauka kabisa. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe! Nikamwomba Filimbi apulize. Watu wakageuka, mpira ukasimama.

Nikasema, "Jumamosi iliyopita nilimtukana huyu binti mbele yenu. Hakukosea. Aliyekosea ni mimi, nilikosea kuandika ubao, halafu nikaufuta ili nisijulikane."

Nilidhani nimesema. Kumbe sauti haikutoka, ilikuwa kama ya mtu anayeongea na kifua chake. Walio karibu waliinamisha vichwa, walio mbali wakaulizana amesema nini. Nikamgeukia Kepteni. Nilitaka anionee huruma, anishike mkono, aseme inatosha. Nakiri, nilikitaka hicho kuliko kitu chochote.

Alikuwa amesimama na wenzake, kofia mkononi, ananitazama bila chuki.

"Hawajakusikia, Mama," akasema. "Siku ile ulisema kwa nguvu."

Uso ulinichoma mpaka masikioni. Mbele yangu kulikuwa na mamia ya watu, na watoto mabegani kwa baba zao. Nikavuta pumzi, nikaanza upya, kwa sauti yangu yote.